Redio Inayotunza Muziki wa Jadi

West Virginia ni jimbo la Marekani lenye milima na migodi ya makaa ya mawe. Huko, mwaka 1983, Larry Groce na wenzake walianzisha kipindi cha redio ya umma kiitwacho Mountain Stage. Wanamuziki hupiga magitaa, fidla na banjo mbele ya hadhira. Msikilizaji wa mbali husikia hata makofi. Mwaka 2021 Groce alimwachia utangazaji Kathy Mattea, mwimbaji mzaliwa wa jimbo hilo. Lakini mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta fedha za utangazaji wa umma. Mzigo ukawaelemea wasikilizaji. Muziki wa wazee haulelewi kwa sifa tupu. Nasi tuwaite watoto walisikie zeze la babu angali hai.