Mbegu ya Nyanya Huanzia Shambani, Si Kitaluni

Kila msimu wa vinyungu unapokaribia, mabonde ya Wilaya ya Kilolo hujaa shughuli. Mifereji husafishwa, matuta huinuliwa na vitalu vya nyanya huandaliwa. Wakati huohuo hurudi kilio ambacho wakulima wengi wanakifahamu: mbegu alizojitunzia mkulima zimesiwa, kitalu kimemwagiliwa kwa wiki mbili, na bado kinachoonekana ni udongo mtupu wenye miche michache iliyotawanyika. Msimu haumsubiri mtu. Mkulima hulazimika kununua pakiti mpya kwa fedha ambayo hakuipangia, au kuomba miche kwa jirani bila kujua ni ya aina gani, na mavuno yake huingia sokoni wenzake wakiwa wamekwisha kuuza.

Lawama huelekezwa kwenye udongo, baridi au bahati mbaya. Hata hivyo, mbegu nyingi za nyumbani huwa zimekwisha kuharibika kabla ya kufika kitaluni: zilichukuliwa kwenye mmea usiofaa, zilikaushwa kwenye jua kali, au zilihifadhiwa mahali penye unyevu. Mambo hayo yote yamo katika uwezo wa mkulima mwenyewe, na kuyarekebisha hakuhitaji gharama kubwa.

Aina zinazofaa kutunziwa mbegu

Jambo la kwanza ni kujua aina ya nyanya iliyopo shambani. Aina za kawaida, kama vile Tanya, Tengeru 97, Cal J, Roma VF na Rio Grande, hutoa watoto wanaofanana na mzazi wao. Sababu ni kwamba ua la nyanya hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, kwa kuwa chavua na sehemu inayoipokea vimo ndani ya ua moja. Ni mara chache wadudu huleta chavua kutoka kwenye aina nyingine. Kwa usalama zaidi, mkulima mwenye aina mbili hana budi kuacha mita kadhaa kati yake, na achukue mbegu kwenye mistari iliyo mbali na aina ya pili.

Mbegu chotara ni jambo tofauti. Hizi hutambulika kwa alama ya F1 kwenye pakiti, na hupatikana kwa kuchavusha kwa makusudi mistari miwili ya wazazi. Mbegu zitokanazo na tunda la chotara huota vizuri kabisa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kitalu hupendeza, lakini shambani miche hutofautiana: mmoja hurefuka, mwingine hudumaa, mmoja huzaa matunda makubwa na mwingine madogo. Hata kinga ya ugonjwa huweza kupotea. Pale kinga inapotokana na kirithi kimoja kilichotoka kwa mzazi mmoja tu, takribani robo ya miche ya kizazi kinachofuata huzaliwa bila kinga hiyo. Kwa hiyo mkulima wa chotara anashauriwa kununua mbegu mpya kila msimu.

Kuchagua mmea kabla ya kuchagua tunda

Desturi iliyozoeleka ni kupeleka matunda bora sokoni, kisha kutoa mbegu kwenye masalia: yale madogo, yaliyopasuka, au yaliyokataliwa na mnunuzi. Kwa msimu mmoja madhara yake huenda yasionekane. Lakini mkulima anayefanya hivyo mwaka baada ya mwaka huwa anachagua udhaifu bila kukusudia, kwa sababu mmea uliozaa masalia ndio unaopewa nafasi ya kuendeleza kizazi.

Njia sahihi ni kuchagua mmea mzima mapema, wakati wa kuchanua na matunda ya kwanza yanapoanza kukua. Mkulima hupita shambani na kufunga kitambaa au kamba ya rangi kwenye mimea kumi hivi iliyo na afya, yenye matunda mengi yanayofanana, na isiyo na dalili za mnyauko, batobato au madoa ya majani. Mmea mmoja wenye tunda moja kubwa sana haupaswi kushinda mmea wenye vishada vilivyojaa. Baadaye, mmea wowote uliofungwa alama ukionyesha ugonjwa, alama hiyo huondolewa.

Tahadhari hiyo ina sababu. Baadhi ya magonjwa ya bakteria, pamoja na virusi vya batobato ya tumbaku, husafiri ndani au juu ya mbegu. Mbegu moja yenye ugonjwa huweza kuwa chanzo cha maambukizi katika kitalu kizima. Anayevuta au kushika tumbaku anapaswa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mimea au mbegu, kwa kuwa virusi hivyo hudumu hata kwenye majani makavu ya tumbaku.

Matunda ya mbegu huachwa yaive kabisa yakiwa mmeani, mpaka yawe mekundu na kuanza kulainika. Tunda lililochumwa likiwa bado kijani kwa ajili ya safari ya mbali halifai, kwa sababu huenda mbegu zake hazijakomaa.

Kuchachusha, kuosha na kukausha

Kila mbegu ya nyanya imezungukwa na ute. Ute huo una kazi yake: huizuia mbegu isiote ikiwa bado ndani ya tunda lenye majimaji. Usipoondolewa, mbegu hushikamana, huchelewa kuota na huota bila mpangilio. Kuosha kwa maji pekee hakutoshi kuuondoa.

Tunda hukatwa katikati, na mbegu pamoja na ute wake hukamuliwa kwenye chombo cha plastiki, kioo au udongo. Ikiwa majimaji ni machache mno, maji kidogo huongezwa, lakini si mengi. Chombo hufunikwa kwa kitambaa chepesi na kuwekwa kivulini kwa siku mbili au tatu, yakikorogwa mara mbili kwa siku. Harufu kali na utando mweupe juu yake ni dalili kwamba kazi inaendelea. Penye joto siku mbili hutosha. Penye baridi siku tatu huhitajika. Kupitisha muda huo ni kosa, kwani mbegu huanza kuota ndani ya chombo na kuharibika zinapokaushwa.

Baada ya hapo maji safi humiminwa na kukorogwa. Mbegu nzuri huzama, na mbegu pumba pamoja na vipande vya nyama ya tunda huelea na kumwagwa. Zoezi hilo hurudiwa mpaka maji yawe meupe. Mbegu huchujwa na kutandazwa kwa safu moja kwenye sahani, chekeche au kitambaa kigumu. Karatasi haifai kwa sababu mbegu huganda juu yake.

Kukausha ndiko kunakoua mbegu nyingi. Bati lililopigwa na jua la mchana hupata joto kali kuliko linavyodhaniwa, na mbegu mbichi hufa humo huku zikionekana nzima kwa macho. Mahali panapofaa ni kivulini penye upepo. Mbegu hugeuzwa mara kadhaa kwa siku ili zisishikane, na kwa kawaida hukauka kwa muda wa wiki moja. Iliyokauka vizuri hukatika inapokunjwa. Inayopinda bila kukatika bado ina maji.

Kuhifadhi

Maadui wa mbegu iliyohifadhiwa ni unyevu na joto, na vikikutana huiharibu kwa haraka. Kwa sababu hiyo mbegu haziwekwi juu ya jiko, chini ya bati wala katika mfuko wa nailoni unaoning'inia ukutani. Huwekwa ndani ya bahasha ndogo, kisha bahasha huingizwa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Mchele uliokaangwa bila mafuta mpaka ukakauka kabisa, kisha ukapozwa, huwekwa chini ya chupa ili kunyonya unyevu. Juu ya bahasha huandikwa aina ya nyanya pamoja na mwezi na mwaka wa kuvuna. Mbegu zilizotunzwa hivyo mahali penye ubaridi na giza huweza kudumu na uhai kwa miaka mitatu au zaidi, ingawa nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita.

Jaribio linalookoa msimu

Wiki tatu hivi kabla ya kusia, mkulima huhesabu mbegu 100 na kuzipanga juu ya kitambaa safi kilicholowanishwa na kukamuliwa. Kitambaa hukunjwa, huwekwa ndani ya mfuko usiofungwa kabisa ili hewa ipite, na kuachwa mahali penye uvuguvugu ndani ya nyumba. Hukaguliwa kila siku ili kisikauke. Kwa kawaida mbegu huanza kuota kati ya siku ya tano na ya kumi; siku ya kumi na nne hesabu hufungwa.

Hesabu hiyo ina maana kubwa. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, huhitaji miche ipatayo 10,800. Ikiwa mbegu 90 kati ya 100 zimeota, mbegu 12,000 zinatosha; hizo ni takribani gramu 40, kwa kuwa gramu moja ina mbegu 300 hivi. Ikiwa zimeota 60 tu, huhitajika mbegu 18,000, yaani gramu 60. Kiasi fulani huongezwa kwa ajili ya miche itakayokufa kitaluni. Zikiota chini ya nusu, ni heri kutafuta mbegu nyingine mapema, kwa maana hata zile zinazoota huwa dhaifu. Anayejua hayo wiki tatu kabla bado ana nafasi ya kuchagua.

Kitaluni

Mbegu nzuri nayo huhitaji mahali pazuri. Kitalu hakiwekwi pale palipolimwa nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili au tumbaku msimu uliopita, kwa kuwa mimea hiyo ni ya jamii moja na huachiana magonjwa. Tuta lenye upana wa mita moja huchanganywa na samadi iliyooza vizuri na kulainishwa. Mbegu husiwa katika mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kwa kina kisichozidi sentimita moja, kisha hufunikwa kwa udongo laini na matandazo ya nyasi kavu. Mbegu iliyofukiwa sana huishiwa nguvu kabla ya kufika juu.

Nyanya huota vizuri udongo unapokuwa na joto la nyuzi 20 hadi 30. Katika sehemu za juu za wilaya, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, hivyo kufunika tuta kwa nailoni nyakati za jioni na kuifunua asubuhi huleta tofauti. Umwagiliaji hufanyika asubuhi, kwa kiasi cha kulowanisha bila kutuamisha maji. Mara miche ya kwanza inapochomoza, matandazo huondolewa, la sivyo miche hurefuka ikitafuta mwanga. Miche ikisongamana hupunguzwa, kwa sababu msongamano na unyevu mwingi huleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche usawa wa ardhi.

Huduma na sheria

Mkulima anayetaka kuhakikisha kama aina aliyonayo ni ya kawaida au chotara, au anayeshuku ugonjwa kwenye mimea aliyoiwekea alama, anashauriwa kumwona afisa ugani wa kata yake mapema, mimea ikiwa ingali shambani. Baada ya matunda kukamuliwa, ni vigumu kutambua mbegu ilitoka kwenye mmea wa namna gani.

Aidha, ikumbukwe kwamba maelezo haya yanahusu mbegu za matumizi ya mkulima mwenyewe. Biashara ya mbegu husimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na ubora wa mbegu zinazouzwa hudhibitiwa na TOSCI, taasisi ya serikali yenye makao yake makuu Morogoro. Anayenunua mbegu dukani anapaswa kukagua lebo na tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, na kutunza risiti yake. Hata mbegu hiyo ya dukani haipotezi kitu ikipitishwa kwanza kwenye kitambaa chenye unyevu na kuhesabiwa.