Machaguo ya KUCCPS: Mahali Wenye Alama Nzuri Wanaponaswa

Pointi za mwaka uliopita zinazoonyeshwa kando ya kila kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali la Kenya linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, huwapotosha wanafunzi hodari kuliko kitu kingine chochote. Familia nyingi za Bungoma na Kitale huzisoma kama bei iliyobandikwa dukani: kozi inataka 38, mtoto ana 39, basi kazi imekwisha. Sivyo. Hizo ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi mwaka ule, na hakuna aliyezipanga kabla ya maombi kuingia. Mwaka huu wenye pointi nyingi wakiikimbilia kozi hiyohiyo, kiwango hupanda, na yule wa 39 hubaki nje akiwa na A- yake mkononi. Maelezo haya yangepaswa kukaa kando ya kila namba, kwa Kiswahili chepesi. Mzazi hapaswi kuyajua baada ya mtoto kukosa nafasi.

Pointi zenyewe hazitokani na gredi ya wastani peke yake. Hukokotolewa kwa masomo manne ya klasta, yaani yale yanayotakiwa na kozi husika, pamoja na matokeo ya jumla ya mtihani wa kidato cha nne, na kiwango cha juu ni 48. Ndiyo maana wanafunzi wawili wa shule moja, wote wakiwa na A-, huachana mbali kwenye udaktari: mmoja amepata A za Biolojia na Kemia, mwenzake A zake ziko kwenye Historia na Elimu ya Dini ya Kikristo (CRE). Yapo pia masharti ya somo mojamoja. Anayetaka sheria bila B ya Kiingereza au Kiswahili hana la kufanya, hata jumla yake iwe kubwa namna gani.

Kosa kubwa hutokea kwenye mpangilio wa machaguo. Kijana mwenye ndoto hujaza udaktari au uhandisi katika vyuo vikubwa vitupu, Nairobi, Kenyatta, Moi, JKUAT, kote pointi zikiwa juu ya zake au sawasawa nazo. Akikosa kote, husubiri awamu ya marekebisho, na hapo hukuta kozi zilizobakiza nafasi tu. Mpangilio wa busara huanza na kozi inayomzidi kidogo, ukafuatiwa na zile anazolingana nazo, ukaishia kwenye ile anayoipita kwa pointi kadhaa na ambayo angekubali kuisoma kwa moyo wote. Sharti hilo la mwisho hupuuzwa sana. Wengi hujaza chochote wakijipa moyo kwamba watahama baadaye, ilhali uhamisho nao hudai pointi za kozi wanayoihamia.

Jina la chuo lisitangulie kozi. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichoanza 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kupata hati yake mwaka 2015, hudharauliwa na jamaa walio ng'ambo kwa sababu tu kiko Bungoma, barabara ya Chwele. Lakini mwalimu aliyehitimu hapo husajiliwa na tume ileile ya walimu, TSC, inayowasajili wa Nairobi. La kuuliza ni kama bodi ya taaluma inaitambua kozi yenyewe katika chuo hicho. Wahitimu wa uhandisi zaidi ya 100 waliokataliwa usajili walilazimika kupeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, na uamuzi ukatoka 2018, miaka mingi baada ya masomo. Orodha ya bodi ya wahandisi, ya baraza la wauguzi au ya Baraza la Elimu ya Sheria isomwe kabla ya kujaza fomu. Idhini ya chuo haitoshi.

Gharama nayo ipimwe mapema. Kwa viwango vya ufadhili wa serikali vya 2024, familia ya kundi la kwanza, la wenye uhitaji mkubwa zaidi, ilibeba asilimia 5 ya gharama ya kozi, na ya kundi la tano asilimia 40. Kwenye udaktari tofauti kama hiyo ni pesa nyingi kila mwaka, na familia huijua tu baada ya kupangiwa kundi.

Lipo pia tatizo la saiba, vibanda vya intaneti ambako wengi hujazia maombi. Dirisha la maombi ni fupi, tovuti hulemewa siku za mwisho, na mwanafunzi humwachia mhudumu namba yake ya mtihani. Mhudumu huweka barua pepe yake mwenyewe na nywila anayoijua yeye. Marekebisho yakifunguliwa, mtoto hawezi kuingia. Barua pepe iwe ya mwanafunzi, na nywila aiandike daftarini mwake.

Anayelipa karo kutoka Doha au Dallas aombe picha ya ukurasa wenye machaguo yote, kwa mpangilio wake, kabla dirisha halijafungwa. Akisubiri barua ya kujiunga, atakuwa amechelewa kusaidia.