Ukijutia rangi ya nyumba, usikimbilie kuikwangua

KILA mwaka kuanzia mwezi wa Novemba, maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Thika hujaa watu wanaonunua rangi. Krismasi inabisha hodi, wageni wanatarajiwa, na mwenye nyumba hataki wakute kuta zenye alama za vidole vya watoto na moshi wa jiko. Kufikia Januari, baadhi ya wanunuzi hao hurudi madukani nyuso zikiwa zimekunjamana. Rangi waliyoichagua kwa furaha imewachosha. Ile iliyoitwa krimu imegeuka kiini cha yai, na ile samawati iliyopendeza dukani imeifanya sebule ifanane na wadi ya hospitali.

Huenda msomaji akajiuliza daktari anatafuta nini katika mambo ya rangi. Jibu ni kwamba majuto yenyewe hayamdhuru mtu. Kinachodhuru ni namna tunavyoyaondoa, na anayeumia zaidi ni mtoto ambaye hata hakuulizwa maoni yake kuhusu rangi hiyo.

Makosa mengi huanzia kwenye ile kadi ya rangi ya dukani. Unaonyeshwa kipande kidogo kama stempu, kimezungukwa na weupe wa karatasi, nawe unakitazama chini ya taa za duka. Ukutani mambo ni mengine. Kuta nne za rangi moja hurushiana mwangaza, na rangi ikazidi kukolea. Rangi ya maji nayo aghalabu huonekana nyepesi ikiwa mbichi, kisha hukolea ikikauka. Huku pande za Ngoliba, ambako jua la saa sita huingia dirishani bila huruma, rangi iliyoonekana pole asubuhi huweza kuwaka kama moto mchana, na usiku balbu ikaipa sura ya tatu.

Afadhali ununue mkebe mdogo kabisa, upake sehemu ya urefu wa mkono kwenye kuta mbili, mmoja unaopata jua na mwingine usiopata, kisha ukae nazo siku tatu. Zitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ndoo nzima ya kujutia.

Je, rangi inapandisha presha?

Wagonjwa kadhaa wameniuliza swali hili, hasa kuhusu nyekundu. Wengine huja wakiwa wameshaamua kwamba maumivu yao ya kichwa yametoka ukutani. Ni kweli rangi huweza kumkera mtu, na mtu aliyekereka halali vizuri. Lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba rangi ya ukuta huleta ugonjwa wa shinikizo la damu, au kwamba nyingine huuponya.

Mnamo 1979 Mmarekani Alexander Schauss alidai kwamba rangi ya waridi hutuliza hasira, na seli ya gereza moja la jeshi la wanamaji mjini Seattle ikapakwa rangi hiyo. Magereza mengine yakaiga. Majaribio yaliyofuata, yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi, hayakuthibitisha dai hilo. Kwa hiyo mwenye presha asiache tembe zake ili anunue rangi.

Palipo na maana ya kiafya ni kwenye mwangaza. Mzee mwenye mtoto wa jicho hutaabika katika chumba cha rangi ya giza, na huanguka kwa urahisi kama ukuta, sakafu na ngazi zote zina rangi moja. Kwake yeye, kuta nyepesi na mstari wa rangi tofauti kwenye ukingo wa kila ngazi huweza kupunguza hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Zaidi ya hapo, chagua upendavyo.

Mtoto wa Ngoliba

Miaka michache iliyopita, mama mmoja kutoka Ngoliba aliniletea mtoto wake wa kiume wa miaka miwili. Alilalamika kwamba mtoto hali vizuri, tumbo linamsumbua, hapati choo ila kwa shida, na amekuwa wa kulialia tu. Nilimtazama macho nikaona weupe wa upungufu wa damu. Minyoo ndiyo kitu cha kwanza mtu yeyote angefikiria, na kwa kweli alikuwa ameshapewa dawa ya minyoo mara mbili.

Nilipomuuliza kama kuna lolote lililobadilika nyumbani, mama alicheka. "Daktari, kilichobadilika ni ukuta tu." Walikuwa wamepaka sebule rangi ya machungwa, wakaishi nayo juma moja, wakashindwa. Baba watoto akamwita fundi aikwangue yote "mpaka kwenye simiti" ili waanze upya. Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya miaka ya 1970, na chini ya ile rangi ya machungwa kulikuwa na rangi ya mafuta ya kijani, na chini ya kijani kulikuwa na manjano. Fundi alipiga msasa mkavu kwa siku nne. Vumbi lilitanda hadi kwenye vyombo vya jikoni. Familia iliendelea kulala na kula humo humo, na mtoto aliendelea kutambaa, kuchezea maganda ya rangi na kulamba vidole.

Damu yake ilipelekwa maabara ya Nairobi kupimwa madini ya risasi. Majibu yalirudi yakiwa juu ya mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa bahati njema hakufikia 45, ambapo mtoto huhitaji dawa maalumu za kuyatoa madini hayo mwilini. Nyumba ilioshwa yote kwa maji na sabuni, mtoto akapelekwa kwa nyanya yake wakati huo, akapewa dawa ya madini ya chuma. Alipopimwa tena baada ya miezi mitatu, kiwango kilikuwa kimeshuka. Bado namfuatilia, kwani athari za sumu hii kwenye akili hazionekani kwa siku moja.

Risasi ukutani

Risasi ninayozungumzia ni madini yale yale ya kutengenezea risasi za bunduki. Kwa miaka mingi viwanda ulimwenguni viliyatia katika rangi ya mafuta ili ikauke haraka, idumu na iwe na rangi inayokoza. Kromati ya risasi ndiyo iliyotoa manjano na machungwa yanayong'aa, na ikichanganywa na samawati hutoa kijani. Hivyo basi rangi zinazovuta macho zaidi, ambazo ndizo watu huzijutia upesi, aghalabu ndizo zilizobeba risasi nyingi.

Jambo hili si geni. Mnamo 1904 Daktari Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiugua macho na kupooza walipata sumu hiyo kutoka kwa rangi ya vizuizi vya veranda. Mwaka wa 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka wa 1978. Sisi tulichelewa. Uchunguzi wa rangi za mafuta zilizouzwa Kenya katika miaka ya 2010 ulikuta nyingi zikiwa na risasi kupita kiasi, na ni mwishoni mwa miaka hiyo ndipo viwango vya taifa vilipoweka kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni. Kikomo hicho ni kizuri kwa mkebe unaonunuliwa leo. Kwa rangi iliyo ukutani tangu zamani hakisaidii kitu.

Wakenya walisikia sana habari za sumu hii kutoka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha amri hiyo Desemba 2024. Kutokana na kesi hiyo wengi hudhani risasi ni balaa ya viwandani tu. Vumbi la sebuleni halina bomba la moshi la kumtahadharisha mtu.

Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne au tano kuliko mtu mzima, na mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi. Huingia kwenye ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza na utulivu darasani. Katika mtu mzima huchangia presha na kuharibu figo. Hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi, na mama akishika mimba huweza kutoka mifupani ikampitia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Lililo baya zaidi ni kwamba watoto wengi wenye sumu hii hawana dalili yoyote.

Ifunike

Sasa, mtu aliyechukia rangi yake afanye nini? Aifunike. Rangi iliyoshika vyema ukutani haimdhuru mtu. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke, paka mkono mmoja au miwili ya andakoti nyeupe, kisha upake rangi unayoitaka. Hata nyekundu iliyokolea hufunikika hivyo. Fundi atakayekuambia kwamba ni lazima akwangue kila kitu huenda anahesabu siku zake za malipo. (Naomba radhi kwa mafundi waaminifu, ambao ni wengi.)

Kama ukuta wa rangi ya mafuta unateleza na rangi mpya haishiki, tumia msasa wa maji, na ukuta uwe umeloweshwa muda wote ili vumbi lisiruke. Vivyo hivyo kwa sehemu zinazobambuka, ambazo haziwezi kufunikwa zilivyo. Usipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani, na usiichome kwa moto ili ilegee, kwa sababu moto huigeuza risasi kuwa mvuke unaovutwa moja kwa moja mapafuni. Toa vyombo, vyakula na magodoro chumbani, tandika karatasi ya nailoni sakafuni, na uwahamishe watoto na wajawazito mpaka kazi iishe na sakafu ipigwe deki mara mbili. Usifagie kwa ufagio mkavu. Fundi naye avue nguo zake za kazi kabla ya kwenda kuwabeba wanawe, na zifuliwe peke yake.

Kuna imani huku kwetu kwamba ukinywa pakiti ya maziwa baada ya kupaka rangi, maziwa hukata sumu. Maziwa ni chakula kizuri, na mtoto anayepata kalsiamu na chuma cha kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi. Lakini hayawezi kuosha mapafu yaliyovuta moshi wa thina mchana kutwa. Kinachosaidia ni madirisha yaliyofunguliwa. Mwenye pumu asilale katika chumba kilichopakwa rangi ya mafuta mpaka harufu iishe kabisa. Na katika baridi ya Julai, mtu asiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuta zikauke. Gesi ya makaa haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Kisha kuna yale mabaki. Thina na mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya soda, kwani mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Akinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa ili atapike, maana mafuta yakipanda huingia mapafuni na kuleta nimonia mbaya. Mpelekeni hospitali mara moja, na mbebe ile chupa. Chokaa ikimrukia mtu jichoni, mwosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika ishirini kabla hata ya kutafuta gari.

Maganda ya rangi ya zamani yafungwe kwenye mfuko wa nailoni yakiwa bado mabichi, yatupwe pamoja na takataka zinazochukuliwa. Yasichomwe uani, yasimwagwe karibu na kisima, wala yasiachwe mahali kuku wanapochakura. Kuku huyadonoa, na risasi hiyo hurudi mezani ndani ya mayai.