Noeli na Bonane: Ukifunga Ofisi, Funga na Kompyuta

Kuanzia Desemba 24 hadi siku chache baada ya Bonane, ofisi nyingi za Butembo na Beni hubaki na sentineli peke yake. Bohari za waagizaji bidhaa hufungwa, wahasibu huenda vijijini kuwaona wazee, shule na vyuo huwa likizo. Mlango hutiwa kufuli mbili. Kompyuta aghalabu huachwa kama ilivyo: imewaka, imechomekwa ukutani, barua pepe iko wazi, na WhatsApp ya karani imeunganishwa nayo.

Sentineli atamwona anayeruka ukuta. Anayeingia kwa waya hatamwona. Na wahalifu wa mtandaoni wanazipenda sikukuu kwa sababu moja kubwa: zinawapa muda.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa Benki Kuu ya Bangladesh. Usiku wa Alhamisi, Februari 4, 2016, wezi waliokwisha kujipenyeza mapema kwenye mitambo ya benki hiyo walituma maagizo 35 ya malipo yenye thamani ya karibu dola milioni 951. Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Wafanyakazi walipoanza kung'amua, New York, fedha zilikokuwa, ilikuwa mwisho wa wiki. Jumatatu yake Ufilipino, zilikotumwa, ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Mengi ya maagizo yalizuiwa, lakini dola milioni 81 ziliondoka. Printa iliyopaswa kuchapa kumbukumbu za miamala ilikuwa imegoma, na watu wakadhani ni ubovu wa kawaida.

Jirani zetu wa Uganda nao walionja. Jumamosi ya Oktoba 3, 2020, mfumo wa kampuni iliyokuwa ikiunganisha benki na huduma za pesa kwa simu ulivamiwa, na kwa siku kadhaa wateja hawakuweza kuhamisha fedha kati ya benki na simu.

Kwa nini muda ni silaha

Programu za fidia, yaani programu haramu za kudai malipo, hufanya kazi hivi. Zikishaingia, hupitia mafaili moja baada ya jingine na kuyageuza kwa hesabu ngumu yawe herufi zisizosomeka. Ufunguo wa kuyarudisha anao mhalifu peke yake, naye anadai malipo ili autoe. Kazi hiyo hula dakika au saa nyingi, kulingana na wingi wa mafaili. Siku ya kazi, mtu huona dalili mapema: faili halifunguki, mashine imekuwa nzito. Akichomoa waya wa mtandao hapo hapo, sehemu kubwa huokoka. Siku ya Noeli hakuna wa kuchomoa. Julai 2, 2021, Wamarekani wakijiandaa kwa sikukuu yao ya uhuru, wahalifu walipitia programu ya kampuni ya Kaseya na kufungia mafaili ya mamia ya biashara. Huko Sweden, maduka ya Coop yapatayo 800 yalifunga milango kwa sababu mashine za malipo ziligoma.

Kinga ya kwanza, basi, ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kompyuta iliyozimwa kabisa haivamiki kwa mtandao, kwa kuwa programu haramu nayo inahitaji umeme ili ifanye kazi. Kila mashine isiyo na kazi wakati wa sikukuu izimwe, pamoja na ruta na kamera zisizo na lazima. Kabla ya kuzima, masasisho yawekwe. Programu ya fidia iitwayo WannaCry ilipozilemaza hospitali nyingi za Uingereza Ijumaa ya Mei 12, 2017, hata miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ikafutwa, dawa ya tundu ililopitia ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Mashine zilizoumia hazikuwa zimesasishwa.

Karani naye atoe simu yake kwenye kompyuta ya ofisi. Katika WhatsApp, afungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, aguse jina la kompyuta hiyo, kisha aiondoe. Nenosiri ambalo watu watano wanalijua libadilishwe, hasa ikiwa mmoja wao aliacha kazi mwaka huu.

Adui mwingine yuko angani

Huku kwetu hasara ya sikukuu mara nyingi haitoki kwa mwizi. Inatoka mawinguni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa kutumia vipimo vya setilaiti vya miaka 16, uliitaja Kabare ya Kivu Kusini kuwa ya kwanza Afrika kwa radi: miale takriban 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake na Butembo nazo zimo katika kumi za kwanza barani.

Radi haina haja ya kupiga paa lako. Mkondo wake, wenye maelfu ya ampea, huzusha volti za ghafla katika kila waya mrefu ulio karibu: wa umeme, wa antena, hata wa mtandao unaopita kutoka chumba hadi chumba. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Ndani ya swichi, nafasi kati ya vyuma viwili ni milimita chache tu, na radi imekwisha kuvuka kilomita za hewa. Stabilaiza na UPS husaidia umeme unapopanda na kushuka, lakini radi ya karibu huvipita. Chomoa plagi kutoka ukutani, kisha chomoa na waya wa antena kutoka kwenye ruta. Wengi huisahau hii ya pili, na ndiyo njia ambayo ruta huungulia.

Wanaotumia umeme wa jua wana hesabu nyingine. Betri za risasi na asidi zikiachwa zimeisha, fuwele za salfeti hukomaa juu ya bamba zake, na uwezo unaopotea hivyo haurudi wote. Zijazwe kwanza, inverta izimwe ili kusiwe na kinachonyonya, jua liendelee kuzijaza kupitia kidhibiti chaji. Kompyuta ya mkononi ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pasipo joto.

Nakala isiyofikiwa na moto, mwizi wala vita

Kasugho, wilayani Lubero, kuna chuo kikuu kinachofundisha uhifadhi wa mazingira, na kuna kituo cha GRACE kilichoanzishwa mwaka 2009 kulea gorila wa Grauer walioachwa yatima na majangili. Katika kazi kama hizo, printa ikiungua hununuliwa nyingine. Kumbukumbu za msituni za miaka mingi hazinunuliki, wala alama za wanafunzi, wala daftari la madeni la mfanyabiashara.

Kanuni ya mafundi ni 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya jengo. Diski inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta haihesabiwi, maana programu ya fidia huifungia pamoja na kompyuta, na radi huichoma pamoja nayo.

Je, nakala ya intaneti peke yake yatosha? Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti Kongo nzima, ikarudi baada ya siku 20 hivi. Aliyekuwa na hesabu zake kwenye intaneti tu aliuanza mwaka bila hesabu. Na mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, benki za huko zilifunga. Basi nakala ya nje iwekwe mahali ambapo tatizo la hapa halitaifuata, na nyingine iwe karibu, kwenye diski ambayo mtu anaweza kuitia mfukoni akikimbia. Kabla ya kufunga ofisi, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine na mafaili mawili matatu yafunguliwe. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Simu moja kabla ya dola

Wafanyabiashara wa Butembo huagiza mali Dubai na Guangzhou kwa barua pepe na WhatsApp. Hapo ndipo penye ulaghai unaokula pesa nyingi: mhalifu husoma mazungumzo kimya kimya, husubiri ankara, kisha huandika kwa anwani inayofanana na ya muuzaji, herufi moja tu imebadilika, akisema akaunti ya benki si ile tena. Mwaka 2023 pekee, FBI ya Marekani ilipokea malalamiko ya hasara ya dola bilioni 2.9 kwa njia hii. Wakati wa sikukuu patron yuko safarini, na ujumbe wa "tuma haraka, nitaeleza baadaye" hauonekani wa ajabu.

Kanuni iandikwe na kila mmoja aijue: katika siku za kufunga, hakuna akaunti mpya inayolipwa, iwe ya benki, M-Pesa au Airtel Money, bila kumpigia mhusika na kusikia sauti yake. Apigiwe kwa namba iliyoko kwenye daftari la zamani, si ile iliyokuja na ujumbe. Kanuni ya Kidijitali ya Kongo ya Machi 2023 inawaadhibu wahalifu hawa, lakini pesa ikishavuka mipaka, kurudi kwake ni bahati.

Wasiofunga

Hospitali na vituo vya afya havina likizo. Huko kompyuta za mapokezi, maabara na famasi zitabaki zinawaka, lakini za utawala zizimwe. Pawe na mtu mmoja wa zamu mwenye ruhusa ya kuchomoa mtandao bila kumsubiri mkurugenzi, na fomu za karatasi ziwe tayari, ili mgonjwa apokelewe hata mashine zikilala.

Siku ya kurudi

Usiwashe zote kwa mpigo. Washa moja, iwekee masasisho, kisha linganisha taarifa ya benki na ya pesa za simu na daftari lako, siku kwa siku, tangu ulipofunga. Ukikuta mafaili yamebadilika majina, au tangazo la kudai malipo kwenye kioo, chomoa waya wa mtandao na umwite fundi. Diski ya nakala isichomekwe kwenye mashine hiyo hadi fundi athibitishe kuwa ni safi.