Waridi Hufa kwa Kiu Chombo Kikiwa Kimejaa Maji

Waridi linalokatwa katika mashamba ya Naivasha hupozwa, hufungwa, hupakiwa kwenye ndege Nairobi na kuuzwa Ulaya. Linapofika kwa mnunuzi huwa limeshatengana na mti wake kwa siku kadhaa, na bado huipamba sebule yake karibu wiki nzima. Waridi la mashamba yale yale, likinunuliwa kando ya barabara Nairobi, mara nyingi huinamisha shingo siku ya pili au ya tatu. Wengi hulaumu ua lenyewe au muuzaji. Hoja yangu ni kwamba lawama hiyo, mara nyingi, si yao. Kinachoamua umri wa ua nyumbani, kuliko bei yake, ni kama kikonyo chake kinaendelea kunywa, na jambo hilo limo mikononi mwa mwenye nyumba.

Ua lililokatwa bado li hai. Majani na petali zake hupumua na kupoteza maji kwa mvuke, na upotevu huo ndio unaovuta maji mengine kupitia mishipa myembamba ya kikonyo. Maji hupanda humo kama uzi mmoja usiokatika. Kikonyo kinapokatwa na kukaa nje ya maji, hewa huingia kwenye midomo ya mishipa na uzi ule hukatika. Kisha, ndani ya chombo, bakteria hula utomvu unaovuja kwenye jeraha pamoja na majani yaliyozama, huzaliana kwa kasi, na ute wao huziba njia iliyobaki. Hapo ua hunyauka kwa kiu huku maji yakiwa yamelizunguka.

Tiba basi inajulikana. Chombo kioshwe kwa sabuni na brashi kwa uangalifu ule ule tunaoosha vyombo vya kulia. Majani yote yatakayozama yaondolewe. Kikonyo kipunguzwe sentimita 2 au 3 kwa kisu kikali, maana mkasi butu huiponda mishipa. Kikatwe mshazari ili mdomo wake usilale bapa kwenye kitako cha chombo, kisha kitiwe majini papo hapo. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, na kila mara kikonyo kikatwe tena kidogo. Hata waridi lililokwisha kuinama laweza kuinuka likikatwa upya na kulazwa lote katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa saa moja.

Wapo watakaosema kwamba kijiko cha sukari kimewatosha miaka yote. Sukari kweli ni chakula, na tumba huihitaji ili lichanue. Lakini katika maji machafu wa kwanza kushiba ni bakteria. Ndiyo sababu vipakiti vya chakula cha maua huchanganya sukari, tindikali na dawa ya kuzuia vijidudu. Asiye na kipakiti atumie maji safi yenye matone machache ya klorini, wala asiongeze ndimu humo, kwa kuwa klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi yenye sumu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba maji si kila kitu. Ni kweli. Joto na jua la dirishani huharakisha uchakavu, na matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi zilizovundikwa. Gesi hiyo huzeesha maua, hasa karnesheni, kwa hiyo bakuli la maembe na shada la maua visikae meza moja. Ni kweli pia kwamba maua mengi ya sokoni kwetu yalikataliwa kusafirishwa. Lakini mengi hukataliwa kwa ufupi wa kikonyo au kasoro ndogo ya sura, wala kasoro hizo haziyazuii kunywa. Mnunuzi achague tumba lililoanza kulegea na aepuke ua lililofunguka kabisa.

Wengine huona maua ndani ya nyumba ni anasa ya kigeni. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja, waliosuka vikuba vya asumini na rehani vizazi kwa vizazi, ni ushahidi wa kutosha kinyume cha hayo, na asumini ya uani hailipiwi. Hata waridi la kununua halitakuwa ufujaji likitunzwa. Limekuzwa kwa maji yanayotoka Ziwa Naivasha na kwa jasho la vibarua wanaokata, kupanga na kufunga tangu alfajiri. Ufujaji ni kulitupa siku ya pili kwa sababu ya chombo kisichooshwa, na mwenye kipato kidogo ndiye anayefaidi zaidi akijua kwamba sabuni na kisu kikali vitamwongezea siku ambazo fedha peke yake haziwezi kuzinunua.