Mshtuko wa Samaki na Sikio la Mgonjwa

Samaki pundamilia, mwenye asili ya Asia Kusini, hujifunua uwezo wake wa kujihami hatua kwa hatua. Yapata saa 24 baada ya yai kurutubishwa, huupinda mwili aguswapo. Afikishapo siku 5, akiwa na urefu wa takriban milimita 4, hushtushwa hata na sauti: hujikunja mfano wa herufi C na kuchomoka. Akikomaa, huongeza hila nyingine: anusapo kemikali itokayo katika ngozi ya mwenziwe aliyejeruhiwa, huzama chini na kutulia tuli.

Watafiti huzipima hatua hizo kwa kumgusa, kutikisa chombo au kudondosha majimaji ya ngozi, huku kamera ya kasi ikinasa kila mwendo.

Vipimo hivyo vina faida kwa tiba. Ubavuni mwa samaki huyo mna seli zenye vinyweleo zinazohisi mkondo wa maji, zinazofanana na zile za sikio la ndani la binadamu. Zikiharibiwa, samaki mchanga mara nyingi hashtuki adui anapomjia. Gentamisini huweza kuziharibu seli za samaki na za binadamu pia. Samaki huziotesha upya. Mtu mzima hana uwezo huo.

Kwa hiyo, mgonjwa anayedungwa dawa hiyo akipata mvumo masikioni, kizunguzungu au upungufu wa usikivu, amwarifu mhudumu mara moja. Mhudumu naye asingoje dozi iishe ndipo aulize.