Swali la Nyanya

Haya, nisikilizeni, kisha kila mmoja ajijibu kimoyomoyo: nyanya ya kawaida haina jeni, ila ile iliyobadilishwa na wanasayansi ndiyo yenye jeni. Kweli au si kweli?

Mwaka 1996 sentensi hiyo ilisomwa majumbani mwa watu katika nchi zote 15 zilizokuwa za Umoja wa Ulaya wakati huo, toka Ureno hadi Ugiriki. Mhoji alibisha hodi, akakaribishwa, akafungua dodoso lake na kuanza kuuliza. Watu zaidi ya 16,000 walihojiwa. Utafiti huo unaitwa Eurobarometer. Ulianza mwaka 1974 na hupima maoni ya watu wa Ulaya kuhusu mambo mengi, na safari hiyo zamu ilikuwa ya sayansi ya jeni.

Jibu ni si kweli. Jeni ni maelekezo ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake, na kila kilicho hai kinayo: nyanya, mchicha, kuku, papa, na wewe unayenisikiliza. Waliopatia walikuwa kama theluthi moja tu.

Msiwacheke. Swali halikutungwa ili kuwaumbua. Watafiti walitaka kuona picha iliyomo kichwani mwa mtu, kwa sababu anayeamini kuwa jeni ni kitu kigeni kilichopachikwa kwenye nyanya, kama dawa ya wadudu iliyopulizwa shambani, hawezi kuitazama nyanya hiyo kwa utulivu. Ndiyo maana waliuliza pia kama ukila tunda lililobadilishwa jeni, jeni zako nawe zitabadilika. Hazibadiliki. Kila siku tunakula jeni za mahindi na za maharage, na tumbo linazimeng'enya pamoja na chakula kingine.

Hapo wengi wangefunga daftari na kusema: tumeshajua, watu wanaikataa sayansi hii kwa kuwa hawaielewi, basi tuwafundishe. Mimi nafurahi kwamba dodoso lile halikuishia hapo, maana sehemu iliyofuata ndiyo yenye utamu.

Watafiti walichagua matumizi sita ya sayansi ya jeni. Moja lilikuwa kuingiza jeni za binadamu ndani ya bakteria ili watengeneze dawa, kama insulini wanayojidunga wagonjwa wa kisukari. Jingine lilikuwa kuingiza jeni za binadamu katika nguruwe, ili siku moja moyo wake upandikizwe kwa mtu. Kulikuwa pia na mazao yanayostahimili wadudu, na vipimo vya magonjwa ya kurithi. Kisha kwa kila jambo wakauliza maswali manne, moja moja, bila kuyachanganya. Lina manufaa kwa jamii? Lina hatari? Linakubalika kimaadili? Lihimizwe?

Tazameni kilichojitokeza. Dawa na vipimo viliungwa mkono sana. Moyo wa nguruwe haukupata bahati hiyo. Lakini kubwa zaidi ni hili: pale watu walipoona jambo lina manufaa na halivunji maadili, wengi walikuwa tayari kuliunga mkono hata kama waliona lina hatari kiasi. Walipoona halikubaliki kimaadili, walilikataa, hata wakiambiwa lina faida. Na wale wenye elimu zaidi ya biolojia hawakuwa wote upande wa kukubali. Walikuwa tu na msimamo ulio wazi zaidi, wengine wa ndiyo, wengine wa hapana.

Fikirini kama wangeuliza swali moja tu: unakubali au hukubali? Hapana zote zingefanana. Waziri angeandaa semina za kufundisha jeni, au angeapa kwamba usalama umehakikishwa, na mama fulani aliyesema hapana kwa sababu anaona si haki kumtumia mnyama hivyo angebaki bila kujibiwa. Kwangu huo ni ukosefu wa heshima.

Hata hivyo, dodoso lina mipaka yake. Kuna mtu ambaye hajawahi kuliwaza jambo hilo hata siku moja. Ukimlazimisha achague, atachagua ili umwondokee. Kwa hiyo mhoji mzuri humwachia nafasi ya kusema "sijui". Wengine hutumia kisa cha kubuni: wanasimulia habari za mke na mume wanaojua kwamba wote wawili wamebeba jeni ya ugonjwa wa kurithi wa selimundu, kisha wanauliza wafanye nini. Katika utafiti wa Your DNA, Your Say, uliofanyika katika nchi 22, watu walionyeshwa kwanza filamu fupi za kueleza mambo, ndipo wakaulizwa kama wangekubali taarifa za jeni zao zitumiwe na madaktari, na watafiti, na kampuni. Waliulizwa kuhusu kila kundi kivyake, maana ukimwamini daktari wako si lazima uiamini kampuni.

Kwetu mjadala huu upo mezani. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, mwaka 2012, ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na watu wakaenda mahakamani. Mkirudi nyumbani, waulizeni wakubwa wenu yale maswali manne kuhusu mahindi ya GMO, moja moja. Andikeni kila jibu chini ya swali lake, pamoja na "sijui" zote, kisha tutayasoma pamoja tuone kila hapana imetoka katika swali lipi.